Gunia la Arobaini

Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa mtu yeyote niliyemjua, na nilikuwa nikilijua hilo kupita kiasi. Herufi zangu zililala upande mmoja, tarakimu zilisimama wima, na mstari wa jumla niliupiga kwa rula mara mbili, wa kwanza mwembamba, wa pili mnene. Kuandika nilifunzwa na misheni. Hesabu za kuingia na kutoka nilifunzwa Kisii mjini na mzee mmoja Mwislamu mwenye duka, ambaye nilimpimia wateja chumvi na mafuta ya taa kwa miaka miwili kabla ya vita. Yeye ndiye aliyeninyoosha hata Kiswahili, maana nyumbani tulisema Ekegusii tu, na kila nilipoteleza alicheka mpaka kofia ikamtoka. Kwa hiyo serikali ilipotafuta karani wa ghala la chakula, mimi nilikuwa tayari, na kichwa kilikuwa kimekwisha kuvimba.

Vita vyenyewe, vile vya pili vya dunia, hatukuviona. Tuliona malori. Kwanza yalikuja kuchukua: machifu wote waliambiwa watoe mahindi na wimbi kwa ajili ya askari na vibarua wa mijini, bei ikapangwa huko huko juu, na akina mama wakateremsha nafaka kutoka ghala zao wakaibeba kwa migongo hadi barabarani. Halafu mvua ikatunyima. Miezi michache baadaye malori yale yale yakarudi na mahindi ya kutugawia kwa kipimo, na watu wakayapokea kwa kushukuru, wakipiga makofi. Nilikuwa nimesimama pale na kalamu sikioni, nami nilipiga makofi.

Ghala letu lilikuwa la mabati, kwenye soko dogo juu ya barabara ya kwenda Nyaramba. Mbele ya mlango niliwekewa meza, kiti, kidau cha wino na kitabu kikubwa chenye jalada jekundu. Kila ukurasa nilikuwa nimeugawa mwenyewe kwa rula: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Upande wa pili kulikuwa na majina ya wenye nyumba, midomo mingapi inakula humo, kipimo cha wiki, na nafasi ya kidole gumba. Gunia moja lilikuwa debe sita. Nyumba ya watu watatu ilipata nusu debe kwa wiki. Debe lilijazwa na kusawazishwa kwa ubao ili kichuguu cha juu kianguke, jambo lililowaudhi sana akina mama, kwa sababu kwetu mtu anayekupimia chakula na kukata kile cha juu ni mtu anayekuchukia.

Na kulikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote. Mwenye nyumba aje mwenyewe. Asimame mbele ya meza, ataje jina lake na watu wake, aweke kidole, ndipo apimiwe. Sheria hiyo iliwekwa baada ya watu wa upande mwingine kukutwa wakichukua chakula cha marehemu, na afisa mzungu aliyetusimamia aliitangaza mara tatu, mara ya tatu akipiga meza yangu kwa fimbo.

Sasa nieleze kosa langu la kwanza, ambalo kama ningelimaliza siku ile ile lisingekuwa kitu. Lori la pili lilifika na karatasi iliyosema magunia arobaini. Dereva alikuwa mtu wa mbali, mwenye haraka na mdomo. Aliniambia makarani wa kwingine wanatia sahihi kabla injini haijapoa. Mimi, kwa kutaka aone kwamba hata milimani kuna makarani, niliichomoa kalamu nikatia sahihi yangu ndefu yenye mkia huku magunia yakiwa bado yanateremshwa. Mpagazi mmoja, mtu mzima kuliko mimi, alisimama na gunia begani.

"Karani, hii magunia haujahesabu," akasema. "Hesabu kwanza."

"Wewe beba," nikamjibu, mbele ya wenzake.

Akabeba. Lori lilipoondoka nilihesabu, nikapata thelathini na tisa. Nikahesabu tena kwa kugusa kila gunia kwa mkono, nikapata thelathini na tisa. Wale wapagazi walikuwa wameketi kivulini wakinitazama. Ningeweza kumtuma mtu kwa chifu siku ile ile, niseme nimekosea. Lakini ningeanzaje kusema nilitia sahihi kitu ambacho sikukiona, mimi niliyewacheka wenzangu wasiojua kugawanya? Nikafunga ghala, nikaenda nyumbani kula.

Karani aliyepungukiwa gunia zama zile hakufukuzwa tu. Alifungwa, na wengine walichapwa kwanza. Nilikuwa na mke kijana na mtoto anayenyonya.

Mama mkwe wangu alikuwa miongoni mwa walioandikwa kwangu. Alikuwa mjane. Mwanawe wa pekee wa kiume alikuwa amechukuliwa jeshini, na mke wa mwana huyo alikuwa amefariki akijifungua, kwa hiyo nyumba ilibaki na bibi na wajukuu wawili, mmoja wa miaka kama sita, mwingine ndiyo kwanza anasimama. Midomo mitatu. Nusu debe kwa wiki.

Msomaji asiye wa kwetu anivumilie hapa. Kati ya mkwe na mama mkwe Abagusii tuna heshima tunayoiita chinsoni, na si heshima ya kuinamisha kichwa ikaisha. Hatugusani mikono. Hatutazamani usoni. Siingii anakolala, hali chakula mbele yangu, na akinikuta njiani mmoja wetu huacha njia. Mambo ya tumbo ndiyo mabaya zaidi. Mama mkwe kusimama mbele ya mume wa binti yake akasema, nina njaa, nipimie, ni sawa na kujivua nguo sokoni. Yule afisa wa fimbo hakuijua sheria hii. Mimi niliijua tangu utotoni.

Siku ya kwanza ya ugawaji nilimwona. Yaani sikumtazama, ila nilimwona. Alisimama mbali, nyuma ya migomba iliyokuwa pembeni mwa soko, kikapu kimefunikwa kichwani kumkinga na jua. Foleni ikasogea, majina yakaitwa, vidole vikapigwa. Nilipofika kwenye mstari wake niliruka nikaita jina lililofuata. Nilifanya hivyo kwa aibu, na aibu ile ya siku ya kwanza ilikuwa ya kweli, sijilaumu kwayo. Alisimama pale mpaka ghala likafungwa. Halafu akaondoka na kikapu chake.

Lakini kwetu njia ipo, na ilikuwepo hata wakati huo. Mtu wa tatu. Ningemwita mpagazi yeyote, nikageuza kiti nikatazama ukuta, nikamwambia: nenda pale kwenye migomba, muulize yule mama jina lake, mpelekee kitabu aweke kidole, umpimie. Maneno hayo yangenichukua muda wa kupiga chafya. Wiki ya kwanza nilijiambia sikuyafikiria. Wiki ya pili niliyafikiria, nikajiambia kwamba afisa akisikia nimempa mtu chakula mbali na meza atanishuku kupendelea wakwe. Nikaliacha tupu lile jina. Nusu debe mbili zikabaki ghalani.

Wiki ya tatu tuliletewa habari kwamba mavuno yakifika afisa atakuja kufunga hesabu, na kwamba atahesabu kila gunia na kulilinganisha na kitabu. Siku hiyo, foleni ilipokwisha na wapagazi wakiwa wamekwenda kunywa maji, niliketi peke yangu na kitabu. Mchana mweupe, jua linachoma mabati. Nikapiga hesabu kwenye kipande cha karatasi. Nusu debe kwa wiki. Wiki kumi na mbili tangu ugawaji uanze hadi mavuno. Debe sita. Gunia moja, bila kubaki hata punje.

Sikutetemeka. Natamani ningesema nilitetemeka. Nilichokisikia ni utamu ule ninaousikia hesabu zinapokubali, na kwa sababu ya utamu huo nimejichukia kuliko kwa lolote lililofuata. Nikachovya kidole changu gumba cha mkono wa kushoto kwenye wino, nikakiweka mbele ya jina la mama mkwe wangu. Mara tatu, kwa wiki tatu. Kisha nikaandika: amepokea.

Kuanzia hapo nilikuwa nikifanya hivyo kila wiki baada ya watu kuondoka. Nilibadilisha namna ya kukiegemeza kidole ili alama zisifanane mno. Na yeye alikuja. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sijawahi kumsimulia mtu yeyote kwa ukamilifu. Hakuacha kuja. Kila siku ya ugawaji nilikiona kikapu nyuma ya migomba, karibu na mahali wapagazi walipokuwa wakipumzika na kuvuta tumbaku. Hakutuma mtu, hakuita, hakusogea. Nilidhani anangoja aibu yangu inishinde. Kabla ya kupiga mstari wa mwisho nilikuwa nikiinua macho haraka, nione kama bado yupo, halafu nikayashusha kitabuni. Karani wa heshima, aliyemheshimu mama mkwe wake mpaka akamnyima chakula.

Kama wiki ya saba mke wangu alikwenda kumsalimu mama yake. Alirudi jioni ya siku ile ile, jambo lisilokuwa kawaida yake, akaketi jikoni na kumnyonyesha mtoto bila kuimba.

"Mama anachemsha mizizi ya migomba," akasema. "Yule mdogo miguu imevimba. Nywele zimekuwa nyekundu."

Nikasema njaa iko kila mahali.

"Baba watoto, mama ameandikwa kwenye kitabu chako?"

"Ameandikwa," nikamwambia.

"Kila wiki?"

"Kila wiki. Ukitaka nitakuonyesha."

Hakujua kusoma, na mimi nilijua hajui. Alinitazama. Akasema basi labda mama anawagawia majirani, ndivyo alivyo, hawezi kula mlango wa jirani ukiwa hauna moshi. Nikasema labda. Kesho yake alijaza kikapu mahindi yetu, yaani kipimo chetu sisi, akampelekea, na wiki ile tulikula mboga za porini. Nilizila nikijiona nimetoa sadaka.

Je, ningeweza kubadili mambo wakati huo? Ningeweza. Ghala lilikuwa na mahindi, na yule mtoto alikuwa na miguu iliyovimba, na kati yao kulikuwa na mtu mmoja mwenye ufunguo. Lakini kila wiki iliyopita ilizidi kunifunga. Ningempimia wiki ya nane, ningewekaje kidole chake halisi chini ya vidole vyangu saba? Mtu yeyote mwenye macho angeona ni gumba la mtu mwingine. Hivyo nilijibu kila mara, na lilikuwa jibu zuri la karani.

Mavuno ya wimbi yalifika. Kwanza watu walikata mashuke yaliyokuwa bado mabichi, wakayakausha juu ya moto, na rangi ikaanza kurudi nyusoni mwa watoto. Yule mdogo alipona, namshukuru Mungu, ingawa hakurefuka kamwe kama kaka yake. Siku hizi ni mtu mzima, hodari wa kazi, na watu wa kwao humtania kwamba aliumbwa na udongo uliobaki. Nami huwa nacheka nao kwa sababu nisipocheka wataniuliza kuna nini.

Afisa alikuja na fimbo yake. Alihesabu magunia yaliyobaki, akafungua kitabu changu chekundu akapitisha kidole juu ya safu zangu polepole, jina baada ya jina. Kwenye jina lile kidole hakikusimama. Akafunga kitabu.

"Wewe iko karani mzuri," akasema. "Kitabu yako safi sana. Nataka karani kama wewe kule Kisii."

Nilihamishiwa ofisi ya mjini, nikaongezwa mshahara, nikaezeka nyumba kwa mabati, ya kwanza katika boma letu. Mzee wa duka aliponiona nimevaa viatu alinikumbatia mbele ya wateja wake, akasema ameniombea kila Ijumaa. Kwa miaka kadhaa makarani wapya waliletwa kwangu wafundishwe kupanga ukurasa. Niliwafundisha kuhesabu magunia kabla ya kutia sahihi, tena kwa ukali, nikiwagonga vidole kwa rula.

Na nililipa, kama huko ndiko kulipa. Msimu uliofuata nilimtumia mama mkwe gunia zima la mahindi kwa mkono wa mke wangu, na kondoo juu yake. Sikusema ni la nini. Habari zilienea. Sabato ile kanisani kwao mzee wa kanisa alisimama akasema kuna wakwe na kuna wakwe, akawaambia vijana waangalie mfano wangu. Mke wangu alirudi na furaha akanisimulia yote, huku akicheka na kunipangusa vumbi begani. Nilimwacha anipanguse. Wakati huo ndipo ningesema. Kinywa kilikuwa wazi kabisa, nikakijaza chai.

Miaka ikapita, vita vikaisha, mwana wa mama mkwe akarudi na nishani na kikohozi, watu wakaanza kupanda pareto na kahawa na kusahau ladha ya mizizi ya migomba. Mama mkwe alizeeka. Heshima yetu iliendelea vile vile: nilimpisha njia, akanipisha, tukasalimiana kila mmoja akitazama upande wake. Nilikuwa nimekwisha kujishawishi kwamba hakujua kitu. Kwamba alidhani jina lake halikuwemo kitabuni, au kwamba lilisahauliwa na mzungu. Ilinifaa kumfanya mjinga, na nilimfanya hivyo moyoni kwa zaidi ya miaka kumi.

Aliugua katikati ya miaka ya hamsini. Mke wangu akaenda kumuuguza, na asubuhi moja akarudi kwa miguu kutoka kwao, umbali wa saa tatu, akanikuta nikivaa viatu vya kwenda kazini. Hakukaa.

"Mama amenituma kwako," akasema. "Amesema nikuulize neno moja, na nisirudi bila jibu."

"Niulize."

"Amesema: gunia lilitimia?"

Kiatu cha pili nilikiweka chini. Mke wangu aliona. Akanieleza kwa sauti ya chini, akitazama chini, kama mtu anayeokota kitu kidogo kidogo kilichomwagika. Mama yake alikuwa amemsimulia usiku kucha. Kwamba mwaka ule wa njaa alikuwa akisimama nyuma ya migomba, karibu na wapagazi, akiwasikia wakizungumza. Kwamba wiki ya kwanza na ya pili alingoja niite mtu wa kumpimia. Kwamba wiki ya tatu alimsikia mpagazi mmoja akiwaambia wenzake, huyu karani amepungukiwa gunia moja, hakuhesabu, siku ya hesabu atafungwa. Basi akafikiri: ana binti yangu na mtoto anayenyonya. Na niliporuka jina lake tena, akafikiri: anajaza gunia kwa fungu langu, na ameniamini mimi kwa sababu mimi ni wa nyumbani, wengine wangepiga kelele. Akaamua asipige kelele. Alikuja kila wiki kwa sababu jirani angeshangaa kama asingekuja, na maneno yangefika kwa chifu. Alichukua kikapu kitupu, akasimama, akarudi nacho kitupu, akawaambia majirani amepewa chakula na ameshakipeleka nyumbani.

"Ni kweli?" mke wangu akaniuliza.

Nikasema ni kweli. Nilitaka kuendelea, nimwambie kuhusu kidole gumba, kuhusu hesabu niliyopiga kwenye karatasi, kwamba sikumwamini mama yake wala sikumfikiria kabisa, kwamba nilimtumia tu kwa sababu alikuwa mtu asiyeweza kunisogelea. Aliinua mkono kunizuia. Hakulia. Alinitazama kama alivyonitazama jioni ile jikoni, ila safari hii hakunitafutia sababu.

"Hayo utaniambia mimi, na hutaniambia leo," akasema. "Yeye ana siku mbili, tatu. Ameuliza kitu kimoja. Nimjibu nini?"

"Mwambie lilitimia."

Akajifunga leso kiunoni akarudi njia ile ile bila hata kunywa maji. Mimi nilikwenda ofisini, nikafungua kitabu cha siku hiyo, nikaandika tarehe. Mama mkwe alifariki kesho yake. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba alimkuta bado anasikia, akampa jibu sikioni, na kwamba mama yake alifurahi sana.